Mwanangu, Usirudie Kusema Lugha Yetu Haitoshi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi. Kusoma falsafa nilikukubalia, ingawa wajomba zako bado wananiuliza utaajiriwa wapi. Lakini kusema Kiswahili hakina maneno ya mambo mazito! Nani kakufundisha hayo?

Hilo neno quality, yaani sifa ya kitu, mnalolipamba kwenye insha zenu Waingereza hawakulizaa. Kilatini nilikisoma seminari, hapo hunidanganyi. Waroma walikuwa na qualis, yaani "wa namna gani", basi. Mwaka 45 kabla ya Kristo, Cicero, msemaji na mwandishi wa Roma, akalinyoosha likawa qualitas, apate kusema kile Wagiriki walichokiita poiotes. Na Wagiriki nao? Poios yao ilikuwa "wa namna gani" hiyohiyo. Plato, mwanafalsafa wao, ndiye aliyeiandika poiotes, tena kitabuni akamfanya mwalimu wake Socrates akiri kwamba huenda msikilizaji ataliona neno geni. Umeona? Hata huko lilikotoka lilianza kwa kusikika vibaya. Mwaka uliofuata Cicero akatoa moralis, yaani "ya maadili", kwenye mores, yaani desturi, akasema anayeikuza lugha yake inampasa kufanya hivyo. Roma walikuwapo wasomi waliodharau vitabu vya Kilatini, wakitaka Kigiriki tu. Usiwe wa kundi hilo.

Cicero alikuwa na mtoto, Marcus, akisoma Athens. Baba akamwandikia kwamba Kigiriki na Kilatini aende navyo pamoja. Kijana mwenyewe alipenda karamu kuliko kitabu. Wewe hilo sikusemi, alama zako nimezisoma kwa sauti mbele ya bibi yako, akapiga vigelegele mpaka jirani akaja.

Najua utaniuliza nani alikupeleka shule ya Kiingereza. Ng'ombe wawili waliuzwa kwa ada ile, kwa hiyo tuliache. Ila ukipiga simu ukaongea Kiingereza na mdogo wako, bibi anadhani mnamsema. Hilo sitaki kulisikia tena. Na insha yako ya mwisho wa muhula, iandike kwanza kwa Kiswahili, hata kwenye daftari tu, uniletee Desemba. Ukikwama kwenye neno, kwama, kisha litafute. Usiniambie halipo.

Basi la Ijumaa lina ndoo yako, unga na karanga. Kondakta ameshalipwa, asikudai. Ndoo ni ya mama yako, irudi na mfuniko wake. Mahindi ya bondeni yameliwa na ngedere, ya juu yako salama.

Baba yako