Kuchanganya mlonge, ubuyu na chuma si uvumbuzi, wakaguzi wa hataza wadai ushahidi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie hivi vidonge na unga wa vitamini vinavyouzwa siku hizi vikiwa vimeandikwa kwenye kopo kwamba hataza imeombwa (hataza, au patent, ni haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake), kwa hiyo wengine wote wakae mbali. Mimi nimefanya kazi ya dawa miaka mingi hapa Tanga na sasa nina duka dogo Ngamiani, na nasema waziwazi kwamba michanganyiko mingi ya namna hii haistahili hataza, iombwe Dar, iombwe Harare au iombwe Marekani, kwa sababu ni vitu ambavyo mtu yeyote mwenye ujuzi wa kawaida wa dawa au lishe angevichanganya hata ukimwamsha usingizini.

Kilichonisukuma kuandika ni kina mama fulani wa mtaani kwetu ambao wanakausha majani ya mlonge, wanayatwanga, wanachanganya na unga wa ubuyu na kufunga kwenye vifuko wanauza karibu na soko la Mgandini. Akaja wakala wa kampuni moja ya virutubisho, siitaji jina, akawaambia waache mara moja eti mchanganyiko huo ni mali ya kampuni yake na wakiendelea watapelekwa mahakamani. Akawaachia na kopo walione. Nimelisoma hilo kopo mwenyewe kwa miwani: unga wa majani ya mlonge, unga wa ubuyu, vitamini C, madini ya chuma, foliki asidi. Chini kabisa kwa herufi ndogo imeandikwa hataza imeombwa. Namba ya ombi hakuna, nchi hakuna, tarehe hakuna. Kina mama wakaogopa wakasimamisha biashara, na hela ya ada za watoto ilikuwa inatoka humo humo.

La kwanza nilipite haraka maana liko wazi. Ombi la hataza si hataza, ni karatasi tu inayosubiri kukaguliwa. Na hataza inafanya kazi nchi ilikotolewa, ya Marekani haimfungi mtu wa Tanga. Anayekutishia mwambie alete namba, nchi, na yale madai yaliyoandikwa mwishoni mwa ombi, kwa sababu ni hayo madai ndiyo yanayosema anachokidai ni nini hasa. Asipoleta, endelea na kazi yako.

La pili ndilo zito. Ili upewe hataza lazima kitu chako kiwe kipya, kiweze kutengenezwa au kutumika kiwandani au kwenye kazi, na kiwe na hatua ya uvumbuzi, yaani kisiwe kitu ambacho mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani ile angekifikia bila shida akianzia na yale yanayojulikana tayari. Hapa kwenye hiki cha tatu ndipo hivi vidonge vya vitamini vinapotakiwa vikwame, na mkaguzi asiyekuwa makini anavipitisha kwa sababu tu hajaona mahali popote mchanganyiko ule ule umeandikwa vile vile. Kuwa kipya peke yake hakutoshi jamani. Ukiweka miligramu 65 mahali ambapo wengine wanaweka 60 hicho ni kipya, lakini umevumbua nini? Mahakama ya hataza ya Marekani ilishalisema hili tangu mwaka 1955 kwenye kesi inayoitwa Aller, kwamba kutafuta kipimo kinachofaa kwa kujaribu jaribu kwa kawaida, pale ambapo njia yenyewe inajulikana, si uvumbuzi.

Sasa tulichukue lile kopo tulipekue. Chuma na foliki asidi, nani asiyejua? Mama mjamzito yeyote aliyepita kliniki hapa Tanga amepewa vile vidonge vya kuongeza damu, na WHO wanapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za foliki kila siku. Vitamini C pamoja na chuma, nani asiyejua? Vitamini C inakibadilisha chuma kikawa katika hali ambayo utumbo unakinyonya vizuri zaidi, ndiyo maana manesi wetu wanawaambia kina mama meza na chungwa, usimeze na chai, maana chai inakishika chuma kisipite. Na sisi huku machungwa ya Muheza tunayo mpaka yanaozea barabarani. Ubuyu una vitamini C nyingi, Ulaya wenyewe waliuruhusu kuingia kwao kama chakula kipya mwaka 2008. Majani ya mlonge yana chuma na yana kile kinachogeuka vitamini A mwilini, kila shule inayofundisha lishe inajua. Kwa hiyo mtu anayetafuta kitu cha kusaidia upungufu wa damu, mezani kwake kuna chuma, foliki, kitu cha kusaidia chuma kinyonywe, na majani yenye chuma, akaviweka vyote kopo moja, na kila kimoja kinafanya kazi ile ile kiliyokuwa kinafanya siku zote. Huo uvumbuzi uko wapi?

Wakaguzi wa Ulaya wana mfano wao kwenye mwongozo wao wa kazi, mashine ya soseji. Una mashine ya kusaga nyama inayojulikana na mashine ya kujaza soseji inayojulikana, ukaziweka pembeni ya mwenzake, kila moja inafanya kazi yake, hujavumbua kitu, umezipanga tu. Ili iwe hatua ya uvumbuzi lazima zikikutana zitoe zaidi ya jumla yake. Na Marekani Mahakama ya Juu mwaka 2007, kwenye kesi ya KSR iliyohusu pedali ya gari, ilisema jambo linalokaribiana na hilo, kwamba ukiunganisha vitu vinavyojulikana kwa njia zinazojulikana na matokeo yakawa yale yaliyotarajiwa, basi kuna uwezekano mkubwa hilo ni jambo la dhahiri, yaani halina hatua ya uvumbuzi.

Kwa hiyo swali la mkaguzi kwa mwombaji wa unga wa vitamini liwe moja la msingi: kimetokea nini ambacho hakikutarajiwa? Lete vipimo. Lete kundi lililokula mchanganyiko wako na kundi lililokula chuma na chungwa, tuone damu imepanda tofauti kiasi gani. Sifa za kwenye tangazo na barua za wateja wanaosema wamepata nguvu hazitoshi hapo.

Sisemi vitamini haiwezi kupata hataza, hapana, na nisingependa watu wa BRELA, wakala wa serikali unaoshughulikia hataza hapa nchini, wanielewe hivyo. Kuna dawa ya saratani inaitwa pemetrexed, inafanya kazi kwa kuzuia foliki kwenye seli. Kampuni ya Eli Lilly ilipata hataza ya kumpa mgonjwa foliki asidi na vitamini B12 kabla ya dawa hiyo ili madhara yapungue. Vitamini zote mbili zinajulikana tangu zamani, lakini wataalamu wakati ule walikuwa na hofu kwamba foliki itaipunguzia dawa nguvu ya kupambana na saratani, yaani ujuzi wa kawaida ulikuwa unakusukuma ukimbie upande mwingine. Kampuni nyingine za dawa zikaja kuipinga hataza hiyo, na mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 2017 ikakataa kusema ni jambo la dhahiri. Mimi naona walikuwa sahihi, pale mtu alikwenda kinyume na wenzake na ikafanya kazi.

Hata hapa kwetu uvumbuzi wa kweli unawezekana na ningefurahi sana kuuona. Chuma kikikaa na vitamini C kwenye unyevu kinaiharibu haraka, na pwani hii unyevu ndio maisha yetu. Fungua kopo la namna hiyo wakati wa masika uliache rafu ya juu dukani, baada ya muda unga umeshikana vidonge vidonge, rangi imeenda njano halafu kahawia, na mteja anakunywa kitu ambacho vitamini C yake imebaki jina. Anayeweza kuifanya idumu kwa mwaka mzima kwenye duka la Pangani lisilo na kiyoyozi, kwa njia ambayo haijafikiriwa, huyo mpeni hataza yake na mimi nitakuwa wa kwanza kununua. Ila na yeye aulizwe vizuri, maana kukifunika chuma kwa mafuta ili kisigusane na vingine tayari kulishafanywa, zile pakiti za Sprinkles za kuchanganya kwenye uji wa watoto zilizobuniwa Toronto miaka ya 1990 zilikuwa na chuma kilichofunikwa namna hiyo.

Kuna hoja ambayo watetezi wa hizi kampuni wanaileta na ina ukweli ndani yake. Wanasema kitu kikishaonyeshwa kila mtu anakiona rahisi, mkaguzi anatazama nyuma akiwa tayari ana jibu mkononi. Ni kweli, na ndiyo maana kuna utaratibu. Tangu kesi ya Graham ya mwaka 1966, iliyohusu plau, Wamarekani wanaanza na kilichokuwa kinajulikana, tofauti ni ipi, na mtu wa fani ile ana ujuzi wa kiwango gani, halafu wanatazama mambo mengine ya pembeni kama vile watu walikuwa wanakihitaji kwa muda mrefu wakashindwa. Ulaya wanauliza kama mtaalamu angefanya hivyo, siyo kama angeweza tu kufanya. Lakini kwa lile kopo lililoko mbele yangu hata ukimpendelea mwombaji kwenye kila swali bado jibu ni lile lile, manesi wa kliniki walikuwa wanafanya hivyo kabla yake.

Tatizo linakuja kwenye ushahidi. Mkaguzi hawezi kukataa ombi kwa kusema bibi yangu alikuwa anafanya hivi, anahitaji karatasi yenye tarehe. Wahindi walilijua hili kwa uchungu pale Marekani ilipotoa hataza mwaka 1995 ya kutumia manjano kuponya vidonda. Manjano! Taasisi yao ya utafiti ya CSIR ikabidi ikusanye maandishi 32, mengine ya lugha zao za zamani, na moja makala ya jarida la madaktari la mwaka 1953, ndipo hataza ikafutwa mwaka 1997. Wakati ule sheria ya Marekani haikuhesabu matumizi ya nchi nyingine kama hayakuchapishwa, walirekebisha kuanzia 2013, ila mpaka leo kuthibitisha neno la mdomo ni kazi ngumu. Na sisi ujuzi wetu mwingi wa mlonge, ubuyu na ukwaju uko midomoni.

Maombi mengi yanayotugusa yanapitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu lililoko Harare, na utaratibu wao unaipa kila nchi iliyotajwa kwenye ombi miezi 6 ya kusema hapana, hataza hii haitakuwa na nguvu kwetu. Hiyo miezi 6 inapita watu hawajui. Naiomba BRELA itangaze kwa Kiswahili, hata magazetini, maombi yanayohusu vyakula, lishe na mimea yetu, ili wafamasia, manesi na walimu wa lishe walete walichonacho kabla muda haujaisha. Na kwa maombi ya kimataifa, WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu, tangu mwaka 2012 wanamruhusu mtu yeyote kupeleka maoni kupitia mtandao kwamba kinachoombewa si kipya au hakina hatua ya uvumbuzi, bure kabisa, mpaka miezi 28 tangu tarehe ya kipaumbele, yaani siku ombi la kwanza kabisa lilipofunguliwa, na hata jina lako wanaweza kulificha ukitaka.

Wewe mhariri una jambo moja unaloweza kulifanya ambalo BRELA hawalifanyi. Gazeti lina tarehe na linahifadhiwa maktaba, kitu kikichapishwa humu tayari ni maandishi yaliyotangulia, anayekuja mwakani kuomba hataza ya kitu kile kile ameshapitwa, na anayekibadilisha kidogo tu anakutana na swali la udhahiri. Toa kona hata ndogo kila wiki watu waandike michanganyiko yao ya vyakula na mimea, na vipimo vyake. Isipokuwa mwenye kitu ambacho kweli anaamini ni uvumbuzi wake asikilete huku kabla ya kufungua ombi, maana atajinyima mwenyewe.

Naanza mimi, na huu ndio ule ule wanaotengeneza kina mama wa mtaani kwetu, wameniruhusu. Majani mabichi ya mlonge yaoshwe, yaanikwe kivulini yasipigwe jua mpaka yavunjike mkononi, yatwangwe na kuchekechwa. Ubuyu utolewe kwenye mbegu, uchekechwe. Pika uji wa ulezi au mtama, uepue, uache upoe mpaka unyweke, ndipo utie kijiko kimoja cha chai cha mlonge na vijiko viwili vya ubuyu kwa kila kikombe, usichemshe tena kwa sababu vitamini C haipendi moto. Unaweza kukamulia chungwa au limau. Chai inywewe saa nyingine. Mama mjamzito aendelee na vidonge vyake vya kliniki kama alivyoandikiwa, uji huu ni chakula tu.

Msomaji wako,
Mfamasia, Ngamiani, Tanga