Huyo mliyemchapa ni panya buku, mhariri

Ndugu mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi za kugombania nakala moja kwa kinyozi, na sijawahi kuwaandikia. Mmekosea majina ya wabunge, mmekosea magoli ya Simba na Yanga, nimenyamaza. Lakini ile habari mliyoitoa wiki juzi, kwamba panya shamba ndiye chanzo cha homa inayoshika watu huku na kwamba tumuue, imenitoa kitandani.

Tuanze na picha. Habari inamsema panya shamba, picha ni ya panya buku! Panya buku ana ukubwa wa paka mdogo, mashavu ya kubebea mahindi, na mkia ambao ncha yake ni nyeupe. Ndiye anayefundishwa hapa hapa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 na shirika la Uingereza kwa mabomu aliyoyafichua Kambodia. Nyie mmemweka chini ya kichwa cha habari chenye neno "muuaji". Panya shamba anaenea kiganjani, rangi yake ya udongo. Jike ukimgeuza tumbo unakuta chuchu zimejipanga kama vifungo vya kanzu, zinaweza kufika 24. Nimezihesabu kwa mkono wangu.

Nimetega panya miaka 19. Sikuwa mtaalamu, nilikuwa kibarua wa wataalamu. Boksi la bati kila baada ya mita 10, chambo siagi ya karanga iliyokandwa na pumba, alfajiri unapita kwenye umande kuangalia vilango vilivyojifunga. Unammimina panya kwenye mfuko wa kitambaa, unampima kwa mizani ya kuning'iniza, anatolewa damu. Vuli ikinyesha vizuri tulijua msimu unaofuata mitego haitoshi.

Sasa mwandishi wenu kasikia kwamba homa ya Lassa, ile ya virusi inayoua watu huko Afrika Magharibi, inabebwa na panya shamba huyu huyu, basi kaona wagonjwa wa homa wapo, panya wapo, kesi imekwisha. Angeuliza. Panya wa huku wana virusi vyao, na vimepewa hata majina ya kwetu: virusi vya Morogoro, na vingine vya Gairo. Ni ndugu wa Lassa kwa ukoo, ila hakuna mtu anayejulikana kuugua kwa virusi hivyo. Panya ni wale wale, mzigo waliobeba ni mwingine. Kule Sierra Leone mwaka 1972 hawakuridhika na kuona panya wanakatiza darini. Waliwatega ndani ya nyumba za wagonjwa wakakikuta kirusi chenyewe mwilini mwa panya.

Marekani mwaka 1993 magazeti yalifanya kama nyie. Vijana wenye afya zao walikuwa wanakufa mapafu yakijaa maji, wengi wa mwanzo wakiwa Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa huko, magazeti yakaibatiza homa ya Wanavajo. Watu wakaanza kuogopwa kwa kabila lao. Waliokwenda kutega kwenye nyumba za wagonjwa walikuta karibu asilimia 30 ya panya wa aina moja wameshapitiwa na kirusi, na vinasaba vya kirusi cha panya vikalingana na vya mgonjwa wa nyumba hiyo. Hapo ndipo wakatamka chanzo. Na kirusi kile kinaingia kwa vumbi la mavi na mikojo ya panya, kwa hiyo ule ushauri wenu wa wananchi "kufagia maghala mara moja" ni wa hatari. Ghala la panya halifagiwi kavu! Fungua milango lipate hewa, mwagia maji yenye jiki, subiri, ndipo uzoe kwa glavu.

Niwape na langu. Masika ya 2011 tulipata panya wengi hadi glavu zikaisha saa mbili asubuhi. Mkuu wa msafara akasema tumalizie hivyo hivyo. Panya mmoja akaning'ata kidole gumba, nikafuta damu kwenye suruali, kazi ikaendelea. Siku kama kumi baadaye homa ikanipiga, kiuno kinakatika, macho mekundu kama ya mlevi. Nikaenda zahanati: malaria, bila hata kunitoboa kidole. Nikarudi: taifodi. Nikarudi mara ya tatu nimeshikiliwa na mke wangu: UTI. Mara tatu, mhariri, watu watatu wenye makoti meupe, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kuniuliza mzee unafanya kazi gani! Nilikuwa nimevaa suruali ile ile, ina harufu ya panya, nina kidonda cha meno kidoleni, naandikiwa vidonge. Sisemi nilikuwa na kirusi cha panya, pengine ilikuwa malaria kweli. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyetaka kujua. Nilipopona wakubwa wa kazi wakanitoa damu, wakaandika namba kwenye kichupa, wakaniambia majibu mwezi ujao. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa darasa la kwanza. Sasa hivi ana mtoto wake. Majibu bado yako njiani.

Na kwa kuwa mmetuambia tuue panya, yule kijana wa baiskeli yenye spika, "sumu ya panya, mende, kunguni, kiroboto", kapata wateja mtaani kwetu kama anagawa sukari. Kipakiti hakina jina la dawa wala la aliyeitengeneza. Panya alikula, hakufa, akaliwa na paka wangu, nikamkuta paka chini ya kinu amekakamaa. Sasa darini kwangu ni ngoma usiku kucha. Huko San Joaquín, Bolivia, miaka ya 1960, inasimuliwa kwamba paka waliisha kwa dawa ya kupulizia mbu, panya wakahamia majumbani na homa ikazika watu. Iliyokata homa ni mitego, nyumba kwa nyumba, ndani ya wiki chache. Mitego, si spika.

Ombi langu. Mtumeni mwandishi aje kwangu Jumamosi yoyote. Aje na glavu zake, kopo moja la siagi ya karanga, laini, isiwe ya punje, na asivae raba nyeupe. Nitampa mitego 20, kumi shambani na kumi stoo. Alfajiri nitamwekea mbele panya shamba, panya wa darini na yeyote mwingine aliyenasa. Akiwatofautisha bila kunitazama usoni, aandike habari za chanzo anavyotaka. Akishindwa, arudishwe kwenye magoli.

Na panya buku aombwe radhi, ukurasa ule ule, kwa picha kubwa kama ile ile.

Mtega panya mstaafu,
Mzumbe, Morogoro