Kwa somo yangu, kuhusu ile nyumba ya Woodley

Lower Earley, Reading

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ni baridi tu inayotusumbua. Ujumbe wako wa sauti nimeupata, nikaona nikuandikie kwa utulivu kuliko kujibizana kwa simu nikiwa njiani. Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo: mnunue ile nyumba ya Woodley, hapa karibu na kwetu Reading, Uingereza, au mwendelee kupanga huko Ilford, London, na je, Mama yako atapaweza akija? Mimi nayatenganisha, maana majibu yangu hayafanani.

Nianze na mtaa. Huku kwetu Lower Earley palikuwa mashamba. Nyumba zilianza kujengwa 1977, zikaendelea kujengwa miaka na miaka, na waliojenga ni kampuni binafsi zilizojenga ili ziuze. Ndiyo maana karibu kila mlango mwenye nyumba yumo ndani. Kwa England nzima, kaya zinazoishi kwenye nyumba zao wenyewe ni kama theluthi mbili. Kwenye mitaa ya namna hii ni zaidi ya hapo. Tena siku hizi waliokwisha maliza deni la benki wamekuwa wengi kuliko wanaoendelea kulipa. Chukua mtu aliyeingia na mkopo wa miaka 25, ana watoto wadogo. Leo watoto wamehama, deni limekwisha, yeye yumo mlemle. Hao ndio watakaokuwa majirani zako.

Sasa huo ukimya uliokushtua mlipokwenda kuiona nyumba. Wenzetu wengi wanasema ni ubaguzi. Ubaguzi upo, siukatai, lakini ukimya huu wanao hata wao kwa wao. Mimi naamini unatokana na nyumba yenyewe. Kwa wengi wao ile nyumba ndiyo akiba ya maisha, ndiyo itakayowalipia matunzo wakizeeka, ndiyo urithi wa watoto. Kwa hiyo kila kinachoigusa wanakichukulia kwa uzito. Jirani akitaka kuongeza chumba kwa nyuma, halmashauri inawaandikia wa jirani au inabandika tangazo kwenye nguzo ya taa, na watu wanapewa siku 21 kutoa maoni. Utawaona wamesimama na mbwa wao, wanalisoma neno kwa neno. Hata ua wa miti una sheria yake: miti isiyopukutisha majani ikipita mita 2 na kumzibia mtu mwanga, anaweza kuipeleka kesi halmashauri, ila kwanza aonyeshe kwamba alijaribu kuzungumza nawe.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia mpaka tuliponunua. Anayeuza nyumba hujaza fomu, mawakili wanaiita TA6, na humo anaulizwa kama kumewahi kuwa na ugomvi au malalamiko baina yake na majirani. Akidanganya, mnunuzi anaweza kumdai baadaye. Basi fikiria: ugomvi wa leo juu ya maegesho utakuja kuandikwa kwenye karatasi za kuuza nyumba. Mtu anapima maneno yake sana kabla hajakugongea mlango. Mwambie wakili wenu akusomee ukurasa huo mstari kwa mstari, usikubali aupitie juu juu. Na umwulize nyumba iko daraja gani la kodi ya halmashauri, maana wanapanga kutoka A hadi H kwa bei ambayo nyumba ingeuzwa Aprili 1991, na nyumba mbili zinazofanana machoni zinaweza kulipa tofauti.

Suala la riba mliongee wewe na shemeji. Zipo taasisi huku zinazonunua nyumba pamoja nanyi kwa ubia, mkawa mnalipa kodi ya fungu lao huku mkilinunua kidogo kidogo.

Lakini usidhani mtu asiyesema haoni. Mzee wa ubavuni kwetu, tunachangia naye ukuta, tumekaa miaka bila yeye kuingia ndani kwangu wala mimi kwake. Tunajuana kwa vitu. Siku ya taka ananirudishia pipa langu na kuligeuza mpini uelekee mlangoni, na mimi nampokelea vifurushi vyake. Majira ya baridi yaliyopita niliugua mafua mabaya, baba watoto yuko safari, na watoto wako kwa shangazi yao. Mapazia ya mbele yalishinda yamefungwa. Jioni nikasikia karatasi inaangukia kwenye zulia la mlangoni. Alikuwa ameandika kwa wino wa buluu, herufi za kutetemeka, kwamba ameona mapazia, je, niko salama, anayo maziwa na mkate, na chini akaweka namba ya simu. Kengele hakuibonyeza. Aliogopa kunisumbua. Ile karatasi nimeihifadhi pamoja na vyeti vya watoto.

Kwa hiyo kwako wewe, shemeji na watoto, nasema nunueni. Mlivyopewa miezi 2 mhame mwaka ule, mtoto akabadilishwa shule katikati ya muhula, sitaki mlirudie lile. Watoto watalala, watasoma, watacheza barabarani maana vibarabara vingi huku havitokei popote na gari zinazopita ni za wenyewe.

Ila Mama yako, somo. Hapo moyo wangu unasita.

Mama yangu alipokuja kwa viza ya matembezi, ile ya miezi 6, ilikuwa Mei na jua zuri. Siku za mwanzo, akishaswali alasiri, alichukua kiti cha plastiki akakiweka mbele ya mlango, akajitanda kanga yake, akakaa. Alikuwa anangoja watu wapite waamkiane, kama alivyokaa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, tangu tuko wadogo. Huku mbele ya nyumba hapakaliwi. Mbele ni pa gari na maua. Watu wanakaa nyuma, kila mmoja ndani ya uzio wake wa mbao; unasikia vicheko, unanusa nyama ya kuchoma, mtu humwoni. Wapita njia walimtabasamia Mama, wakasema helo, wakakaza mwendo. Siku moja bibi wa nyumba ya ng'ambo ya barabara alivuka, akainama, akamuuliza taratibu kama amefungiwa nje, na kama angependa mwanawe apigiwe simu. Alikuwa na nia njema kabisa. Mama hakuelewa maneno yote, ila alielewa kwamba kukaa kwake pale kumemtia mtu wasiwasi. Akaingiza kiti ndani, na hakukitoa tena.

Baada ya hapo akawa mtu wa dirishani. Sisi asubuhi tunatawanyika, yeye anabaki na televisheni ya lugha ya watu. Usiku mmoja tunakunja nguo akaniuliza, "Mwanangu, huku mtu akifa anazikwa na nani?" Sikuwa na jibu. Alirudi Tanga kabla ya miezi yake kwisha, na pale Heathrow uso wake ulikuwa mwepesi kuliko siku aliyoshuka.

Kumleta Mama yako akae moja kwa moja, viza yake ni ngumu mno: mthibitishe kwamba anahitaji kutunzwa kila siku na kwamba nyumbani matunzo hayo hayapatikani au hayalipiki. Basi tunazungumzia matembezi, na matembezi yanapangika. Usimlete Desemba, jua linazama kabla ya saa 10 jioni, atadhani tunaishi pangoni. Na Woodley ina kitu ambacho mtaa wetu hauna: pale katikati maduka yamepangana kwenye barabara ya waenda kwa miguu, kuna mabenchi, na wazee hukaa. Kabla hamjasaini chochote, pima umbali kutoka nyumba ile hadi pale kwa miguu ya Mama, usipime kwa miguu yako. Ikiwa hawezi kwenda na kurudi peke yake, tafuteni nyumba nyingine.

Njoo Jumamosi. Ukishuka Reading panda basi namba 21, nipigie nije kituoni. Tutakwenda Woodley kwa gari, tuupite mtaa ule mchana na tuupite tena usiku, halafu tumpigie Mama kwa video tumwonyeshe yale mabenchi na watu wake, aseme mwenyewe kama anapataka. Karatasi za wakili uje nazo pia, hata kama hazijakamilika.

Mfikishie Mama shikamoo yangu, na shemeji salamu nyingi. Watoto wabusu.

Ni mimi somo yako