Baba, kuhusu lile swali lako la Nagai

Shikamoo baba. Na mama mpe shikamoo yake, mwambie juzi simu sikukata mimi makusudi, treni ilikuwa inaingia na huku ukiongea na simu ndani ya treni hakuna anayekwambia kitu ila wanakuangalia viatu mpaka unajiona mwizi.

Nimechelewa kujibu meseji yako maana sio swali la kujibu kwa sentensi moja. Umeuliza huku wanatupenda au wanatuvumilia tu. Nikajua umeisikia ile habari ya Nagai. Ilikuwa hivi baba, mwezi wa nane 2025 kulikuwa na mkutano wa TICAD, ule wa Japani na Afrika, pale Yokohama, JICA, shirika la misaada la Japani, wakatangaza miji minne ya huku iwe na udugu na nchi nne za Afrika, sisi Tanzania tukapangiwa Nagai, kamji kadogo tu mkoa wa Yamagata. Mambo yenyewe ni kubadilishana watu na ujuzi, basi. Ila kuna magazeti yakaandika kama vile mji tumekabidhiwa funguo, mitandaoni huku ikageuka kwamba Waafrika wanakuja kujaa, manispaa zikapigiwa simu mchana kutwa, watu wakaandamana, mwezi wa tisa mpango mzima ukafutwa. Hata kwenye maabara yetu kuna mtu aliniuliza kwa heshima zote kama na mimi nahamia Nagai.

Sasa Wajapani wako karibu milioni 120, siwezi kukujibia wote. Nikujibu kwa mmoja ninayemjua.

Kuna binti hapa anasoma Kiswahili Chuo Kikuu cha Osaka, ndio baba, Kiswahili, miaka minne, digrii kabisa. Kiswahili chake ni kile cha kwenye kitabu, anasema "ninakwenda" na "hatujaonana siku nyingi, je, hujambo?", mimi nikimjibu "poa, mishe tu" anatoa kidaftari anaandika. Siku moja kaniuliza noma ni nzuri au mbaya nikakaa dakika kumi nzima sina jibu. Mimi namwita Stesheni Masta, usinune kwamba nagawa cheo chako, ukimsikia utampa mwenyewe.

Yaani huyu mtu anapenda treni baba! Huku wako wengi na wana majina yao kabisa, wanaopiga picha treni wanaitwa tori-tetsu, wanaopenda kuzipanda wanaitwa nori-tetsu, na hawaelewani sana. Siku ya kwanza nilipomwambia baba yangu ni mstaafu wa TAZARA alipiga kelele "Milimita elfu moja sitini na saba!" nikadhani nimetukanwa. Kumbe ni upana wa reli, TAZARA na reli zao za kawaida huku ni upana uleule, 1067, wakati Shinkansen yao ni 1435 sawa na SGR yetu. Wewe miaka yote hiyo ulikuwa unajua? Hukuwahi kutuambia.

Ila stori yenyewe hasa ni ya bibi yake. Bibi anaishi mkoa wa Shimane, huko milimani kando ya mto Gonokawa, na kulikuwa na reli inaitwa Sanko, kilomita 108, kutoka Gotsu mpaka Miyoshi. Ilikamilika 1975, mwaka uleule reli ya TAZARA ilipofika Kapiri Mposhi kule Zambia. Kuna stesheni moja pale inaitwa Utsui iko juu hewani, unapanda ngazi 116 kufika kwenye treni, wenyewe walikuwa wanaiita stesheni ya angani, sasa fikiria wazee wa kijijini na mizigo yao. Abiria wakapungua, vijana wakahamia mjini, treni ikawa inatembea karibu tupu, na tarehe 31 mwezi wa tatu 2018 ikawa mwisho.

Huyu rafiki yangu alikuwa na miaka 15, na kipindi hicho alikuwa tori-tetsu. Akaenda na kamera yake kupiga picha siku ya mwisho. Anasema watu walijaa mpaka mlango haufungi, wametoka Tokyo huko, wametoka kila mahali, kamera kila kona, wanalia wengine, wanapungia treni mikono. Akafika kwa bibi yake jioni anamuonyesha picha, bibi akaziangalia zote bila haraka, akamwambia, leo ndio mmekuja. Akaenda kupika.

Anasema hilo neno bado linamuuma. Kamera aliuza. Siku hizi yeye ni nori-tetsu, akipata likizo ananunua ile tiketi ya bei poa ya treni za kawaida anakwenda kwenye vireli vinavyokaribia kufa, anapanda, anashuka, anakula kwenye kimgahawa cha hapo, anarudi. Anasema ukipenda kitu lipa nauli. Mimi nikamwambia nauli yako moja haiokoi reli, akasema anajua, haendi kuokoa.

Na mambo yake mengi ya kijamii, zile siasa zake, yameanzia hapo. Bibi sasa anategemea basi la mara chache kwa siku, gari alikuwa nalo ila watoto wakamwambia arudishe leseni kwa sababu ya umri, huku wazee wanahimizwa wairudishe. Nyumba mbili za jirani ziko tupu. Sio huko tu, hesabu ya 2023 ilikuta nyumba tupu milioni 9 nchi nzima baba, milioni tisa, na sisi tunagombana na mjomba kwa kiwanja futi kumi. Mwaka 2024 watoto waliozaliwa hawakufika laki 7, na ilikuwa haijawahi kuwa hivyo tangu waanze kuhesabu mwaka 1899. Kwahiyo ile kelele ya Nagai yeye ilimkera kwa namna yake, kwanza Nagai anaijua, alishapanda kitreni cha pale kinaitwa Flower Nagai, nacho abiria ni wa kuokoteza. Akasema hawa wanaopiga simu wangekuwa wamepanda hata mara moja wangejua mji unatafuta watu, haukimbii watu.

Usidhani tunakubaliana kila kitu. Mimi nikikaa kwenye treni kiti cha pembeni yangu hubaki wazi mara nyingi hata watu wakiwa wamesimama, nilimwambia akasema ni aibu tu, Wajapani wana haya, hata yeye kiti hubaki wazi. Nikamwambia basi twende tukae tofauti tuhesabu. Tukahesabu stesheni sita. Cha kwake kilijaa stesheni ya pili. Hakusema kitu mpaka tumeshuka pale Minoh-semba, akaninunulia chai ya kwenye mashine.

Kitu kingine kinachomchemsha ni jina. Huku sheria inasema mkioana lazima mbaki na jina moja la ukoo, lake au lako, ila karibu 95 kati ya 100 anayebadilisha ni mwanamke. Watu walikwenda mpaka Mahakama ya Juu, 2015 na tena 2021, mara zote ikasemwa sheria iko sawa. Yeye amesema hatobadilisha, na kama ni hivyo ndoa ataiacha. Nikajitapa kwamba kwetu mwanamke anaweza kubaki na jina la baba yake hakuna anayemlazimisha. Akauliza, mama yako mtaani wanamwitaje? Nikasema Mama Kulwa. Akauliza na jina lake mwenyewe nani analitumia? Baba nilinyamaza. Nadhani ni wewe peke yako na ni ukiwa umekasirika. (Na mimi Doto nani ananikumbuka, wote tumezaliwa siku moja. Hilo tutaongea nikirudi.)

Ada analipa kwa mkopo, huku wanauita shogakukin, ukitafsiri ni kama vile umepewa tu kumbe wengi wanalipa miaka na miaka baada ya chuo. Nikamweleza bumu letu tukacheka sana. Usiku anafanya kibarua kwenye kiduka cha saa 24, na kapiga kura tangu alipofika miaka 18 ingawa wenzake wengi hawaendi. Anasema bibi yake anapiga, na wagombea wanaongea lugha ya bibi.

Kwahiyo baba, jibu la swali lako sijui kama umelipata. Ila amekata tiketi ya ndege, anakuja mwezi wa pili wakiwa na likizo, anataka kutoka Dar mpaka Mbeya kwa TAZARA kabla Wachina hawajaikarabati ikabadilika sura. Ameniagiza nikuulize, treni ya abiria sasa inatembea siku zipi (mimi huku nasikia mara ipo mara imesimama), mchana iko wapi na usiku iko wapi, akae dirisha la upande gani kule Mlimba kupanda Makambako ili aone madaraja. Nimemwambia hayo wewe unayajibu usingizini. Nimemwambia pia treni ikichelewa asiombe cheti, maana huku treni ikichelewa dakika tano wanakupa karatasi ya kuonyesha kazini, kwetu karatasi zingeisha.

Chakula asisumbuke mama, anakula kila kitu, ila kwa ugali apewe kijiko siku ya kwanza. Na anauliza kama ile kofia yako ya kazi bado ipo. Mara ya mwisho niliiona bandani imefunikiwa vifaranga, tafadhali itolewe.

Mwanao,
Doto