Usiilipe kwanza ile seti

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Miezi miwili sijakuandikia, niwie radhi. Mama aliumwa, mimi ndiye niliyekuwa namkesha, na kazi nazo zikarundikana. Sasa ni mzima, anakusalimia na anauliza kwa nini huonekani.

Nimepata ujumbe wako wa juzi kuhusu seti ya vifaa vya msumeno wa mnyororo, na kwamba unataka nitoe nusu ya hela kabla wiki haijaisha. Nakuomba ungoje. Usilipe kwanza.

Ile picha nimeitazama kipande kwa kipande: cheni mbili, tupa tatu za mviringo, mpini wa kuongozea tupa, tupa bapa, kibati cha kupimia kina cha meno, plagi, chujio la hewa, glavu na ala ya kufunika baa, yaani kile chuma kirefu bapa ambacho cheni hukizunguka. Ukiviona vimepangwa hivyo unadhani umeokota dhahabu. Lakini tuhesabu vitakavyotufaa. Tupa ni za milimita 4.0, 4.8 na 5.5. Cheni yetu ni ile ya 3/8 ndogo, tupa yake ni ya 4.0. Hizo mbili zitalala kwenye boksi mpaka zishike kutu. Chujio nalo, kila msumeno una umbo lake, na hilo la kwenye picha ni la duara wakati letu ni bapa. Plagi sina ugomvi nayo, ila iliyopo bado inawasha vizuri.

Kinachonikosesha raha zaidi ni cheni. Wameandika "inchi 14" basi. Hamisi, inchi 14 ni urefu wa baa, haikuambii cheni itaingia au haitaingia. Kuna baa za inchi 14 zinazotaka cheni yenye vipande 50 vya chini, vile vinavyozama kwenye mfereji wa baa, na nyingine zinataka 52. Halafu kuna unene wa vipande hivyo. Unakumbuka nilivyonunua cheni mwaka ule kwa kuaminishwa na muuzaji kwamba ni saizi moja kwa misumeno yote? Ilikuwa ya milimita 1.5, mfereji wetu ni wa 1.3. Nilikaa nayo chini jioni nzima, naisukuma kwa kidole gumba, haizami. Kurudisha wakakataa. Na kinyume chake ni kibaya vilevile: cheni nyembamba kwenye mfereji mpana inaingia, lakini inayumba, na mkato unakwenda upande.

Kwa haki yake, mle ndani kipo kitu kimoja ninachokitaka kweli, nacho ni kile kibati pamoja na tupa bapa. Wewe unanoa vizuri, sibishi. Lakini mbele ya kila jino kuna kinundu, na kinundu hicho ndicho kinachoamua jino liume kiasi gani. Ukinoa jino mara nne au tano linashuka, kinundu kinabaki juu, basi cheni inakuwa kali mkononi lakini kwenye gogo inateleza tu. Kwa cheni kama yetu kinundu kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi, na kwa macho huwezi kuipata; kibati ndicho hukupimia, na tupa bapa ndiyo hukishusha. Siku ile ya mwisho nilipokuwa nawe niliona unaulalia msumeno kwa kifua, na kilichokuwa kinatoka ni vumbi laini kama unga. Cheni iliyo sawa hutoa vibanzi, na msumeno hushuka kwa uzito wake wenyewe. Sikusema siku ile kwa sababu Rajabu alikuwepo na... basi, unamjua.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika, kwa kweli. Tangu yaliyompata Rajabu mguuni sina amani nikikufikiria umesimama kwenye magogo na suruali ya kawaida. Mtu anayesukuma msumeno kwa nguvu ndiye unayemponyoka. Ile nusu yangu nipo tayari kuitoa, hata zaidi ya nusu, lakini iende kwenye suruali ya kinga. Ndani yake mna nyuzi ndefu. Cheni ikigusa inazivuta, zinakwenda kujisokota kwenye giya linaloizungusha na cheni inasimama. Glavu za kwenye seti haziwezi kukufanyia hivyo. Najua utasema joto. Joto utalivumilia, kaka.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: tununue cheni moja iliyo sahihi, tupa moja ya 4.0 na mpini wake, tupa bapa na kibati, kila kimoja peke yake. Ala ya zamani nitaishona. Kinachobaki kiende kwenye suruali. Lakini kama muuzaji atakubali kubadilisha cheni ziwe za kwetu na atoe zile tupa mbili, hapo niambie, nitafikiri upya, maana cheni mbili zinazoingia si haba.

Sasa nifanyie hisani, msumeno uko kwako. Futa mafuta pale shina la baa, karibu na injini: imeandikwa 1.3 au namba imefutika? Vipande vya chini ukivihesabu unapata vingapi? (Tia alama ya chaki kwenye cha kwanza, usije ukazunguka mara mbili.) Giya limechimbika meno? Kama limelika hata cheni mpya italiwa, tusije tukatupa hela. Baa umeigeuza tangu niondoke? Kiuno chako ni saizi gani siku hizi? Na Rajabu ameanza kukanyaga ule mguu, au bado anaegemea? Zuhura ananiambia hili, kaka yake ananiambia lile, nataka nisikie kwako.

Nijibu kabla ya kumjibu muuzaji.

Wako,
Idi