Kamba ya kuzuia mti wa tanga ianzie nchani na ipitie omo

Mhariri,

Wenye yoti za safari wanashauriwa mara nyingi kwamba, upepo ukitoka tezi (nyuma ya yoti), inatosha kufunga kamba katikati ya mti wa chini wa tanga kuu na kuishusha hadi ukingo wa sitaha, ubavuni. Ushauri huo ni wa hatari, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Usukani ukiteleza kidogo au wimbi likiisukuma tezi, upepo hushika tanga kwa nyuma na mti huvuka sitaha kwa kishindo. Unaweza kumuua aliyesimama njiani mwake, au ukang'oa kiungo chake kwenye mlingoti. Kamba ya kuzuia ndiyo inayopokea nguvu hiyo yote, kwa hiyo mahali inapofungwa panaamua kama itahimili. Ikifungwa katikati ya mti, italazimika kuvuta mara mbili ya ile iliyofungwa nchani. Pembe kati yake na mti ikiwa nyuzi 30 tu, mvuto unaongezeka tena maradufu. Jumla mara nne. Na kwa kuwa ukingo wa sitaha uko karibu chini ya mti, kamba inavuta chini zaidi kuliko mbele. Yoti ikilala na ncha ya mti ikachota maji, ncha inasukumwa nyuma huku katikati kumeshikiliwa, na mti unavunjika papo hapo.

Kamba ianzie nchani mwa mti, ipite kwenye kapi imara karibu kabisa na omo (mbele ya yoti), kisha irudi hadi kwa mshika usukani. Kwa yoti ya mita 12, kamba ya poliesta yenye unene wa milimita 12 inafaa, mita 22 hadi 25 kila upande, ili ibaki ya kutosha hata mti unaporudishwa katikati. Nailoni inanyumbuka mno: mti unapata nafasi ya kuchukua kasi kabla haujazuiwa.

Tabu kubwa ni kuifikia ncha mti ukiwa umeshatoka nje ya sitaha. Dawa yake ni kufunga nchani kipande cha kudumu, kifupi kidogo kuliko mti wenyewe, na mwisho wake wenye kitanzi ukae umeshikizwa karibu na mlingoti. Ukitaka kukitumia, unakifungua hapo na kukiunga na kamba ndefu bila kuinama nje ya sitaha. Muungano uwe wa fundo au pingu ya skrubu. Ndoana ya kubana hufunguka kamba inapopigapiga. Hakikisha pia kamba inapita nje ya waya za mlingoti na nje ya uzio wa sitaha. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kamba inasagika usiku kucha bila mtu kuona.

Legeza demani, yaani kamba ya kuvuta na kulegeza tanga, mpaka tanga likae unavyotaka, lakini mti usiguse waya. Kaza kamba ya kuzuia, kisha rudisha demani kidogo hadi mti ubanwe pande zote mbili. Kaza pia kamba nyingine, ile inayouvuta mti chini. Mti usicheze hata kidogo, kwa sababu kila nafasi unayouachia inageuka kuwa mshtuko.

Mwisho wa kamba uzungushwe kwenye winchi, mizunguko mitatu au minne, usiishie kwenye fundo kule omo. Upepo ukishika tanga kwa nyuma, yoti inalala na mshika usukani anaweza kushindwa kuirudisha. Hapo kamba ya kuzuia ilegezwe polepole kwenye winchi huku demani ikivutwa, mpaka mti upite katikati. Kishikio cha meno peke yake hakifai: chini ya mzigo huo hakifunguki, au kinafunguka chote kwa mara moja.

Kapi la omo lisifungwe kwenye bomba la uzio, hata kama ndilo lililo karibu zaidi. Bomba hilo limetengenezwa kuzuia mtu asianguke. Kwa mvuto wa kamba hii linapinda na kung'oa boliti zake sitahani. Tumia kishikio cha kufungia yoti gatini au pete yenye bamba la chuma chini ya sitaha, na kila asubuhi kagua sehemu ya kamba iliyokaa ndani ya kapi, kwani ndipo inapoanza kuchakaa.

Nahodha wa yoti