Shemeji, Guangzhou usirudi bila kula dim sum

Shemeji,

Salaam kutoka Mwanga, Kigoma. Nasikia tiketi imeshakatwa, unakwenda kufunga mzigo wa duka. Wafanyabiashara wengi kutoka huku hufikia Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, wakala wali na kuku kwa Waafrika wenzao mpaka siku ya kurudi. Sawa, lakini dim sum, vitafunio vidogo vidogo vinavyopikwa zaidi kwa mvuke, ni chakula cha jimbo la Guangdong, na Guangzhou ndio makao makuu yake. Tenga asubuhi moja.

Nasema asubuhi kwa sababu kule ni kifungua kinywa, huliwa na chai. Siku ya kazi, saa mbili, meza zinapatikana. Jumamosi na Jumapili ikifika saa nne, koo nzima zimejaa na wewe unasubiri na namba mlangoni. Mtaa mzuri wa kuanzia ni Liwan. Panda treni ya chini ya ardhi, njia namba 1, ushuke Changshou Lu. Huko kuna migahawa ya zamani, Taotaoju ya tangu 1880 na Guangzhou Jiujia ya 1935. Majina makubwa, foleni kubwa. Mimi ningezunguka vichochoro vya jirani nitafute pale wazee walipokaa na birika na gazeti. Ramani ya Google usiitegemee China. Pakua Amap, ramani ya Kichina, na Dianping kwa maoni ya wateja, kisha bandika neno hili: 早茶, yaani chai ya asubuhi.

Ukikaa, utaulizwa chai kwanza, na inalipiwa kwa kichwa. Chukua pu'er, inakata mafuta. Maji ya moto ya mwanzo wenyeji husuuzia vikombe na vijiti, wakayamwaga kwenye bakuli, usije ukayanywa. Birika likiisha, acha mfuniko upande, mhudumu ataongeza maji.

Usiagize meza nzima kwa mara moja. Agiza vitu vitatu vya kupimia jiko, vingine baadaye.

Cha kwanza ni har gow, vifuko vya kamba wa baharini, kwa kawaida vinne kwenye kikapu cha mwanzi. Manda yake ni wanga wa ngano na kidogo wa muhogo, uliokandwa kwa maji yanayochemka. Maji yakiwa vuguvugu, wanga hauivi na manda inapasuka wakati wa kukunja. Iliyo nzuri inaangaza, unaona wekundu wa kamba ndani, na marinda yake ni membamba, saba au zaidi. Inua kwa vijiti: ikichanika na kuacha ngozi kwenye karatasi, imekaa mno kwenye mvuke. Ikiwa ngumu pembeni, imepoa ikapashwa. Kamba awe mzima na akatike kwa meno. Akiwa uji, ondoka. Kwenye habari ya samaki aliyechoka, mtu wa Ujiji hafundishwi.

Cha pili, cheung fun ya kamba: shuka la unga wa mchele lililokunjwa, likamwagiwa sosi ya soya yenye utamu. Liwe jembamba na laini. Likiwa nene na la kutafuna, basi tena. Cha tatu, char siu bao, mkate mweupe wa mvuke uliopasuka juu, ndani nyama ya kuchoma. Ukiwa umelowa juu na kunata kwenye meno, ulikaa kikapuni muda mrefu.

Vikipita vyote vitatu, endelea hata na miguu ya kuku. Hukaangwa, hulowekwa, kisha hupikwa kwa mvuke pamoja na maharage meusi yaliyochachushwa, mpaka ngozi inaachia mfupa yenyewe.

Mwenzako wa safari asiyekula nguruwe mwambie mapema. Siu mai (vifuko vya nyama vilivyo wazi juu) na char siu bao ni nguruwe waziwazi, lakini har gow nayo mara nyingi hutiwa vipande vya mafuta ya nguruwe ili kamba asikauke, na keki ya figili huwa na soseji ya nguruwe. Kwenye menyu, 肉 pekee maana yake ni nguruwe. Kumuuliza mhudumu hakutoshi, kwa kuwa vikapu vyote hupandana kwenye mvuke mmoja. Mtafutieni mgahawa wenye alama ya 清真 (halali) mlangoni, hata kama atakula tambi badala ya dim sum.

Kwenye migahawa mingi unaagiza na kulipa kwa simu. Unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard na Alipay, programu ya malipo ya Kichina, ukiwa bado Kigoma, maana wanataka uthibitisho wa pasipoti na ujumbe wa benki unaokuja kwenye laini yako ya huku.